Ardhi, chumvi na kibarua Magarini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea. Si wakili, na sina ofisi. Nina benchi chini ya mwarobaini hapa Gongoni, eneo la Magarini, kaskazini ya Malindi, na daftari ambalo watu wamezoea kuliona. Maswali haya ndiyo yanayonirudia kutoka kwa watu wa Marereni, Kanagoni, Kurawa, Ngomeni na Mambrui. Nimeyaandika yanavyoulizwa.

Tuna bahari, tuna chumvi, tuna samaki. Mbona tungali maskini?

Tazama chumvi kwanza. Sehemu kubwa ya chumvi inayoliwa Kenya hutoka kwenye ukanda huu wa Gongoni hadi Marereni. Sababu zake ni za Mungu: tambarare ya matope nyuma ya mikoko, jua kali, upepo usiokatika, na maji ya bamvua yanayopanda hadi ndani. Maji huingizwa bwawa la kwanza, yakakaa, yakahamishwa la pili, na kila hatua yanazidi kuwa mazito, hadi kwenye majaruba ya mwisho ambako chumvi inaganda na kukwanguliwa. Jua na bahari hakuna aliyevinunua. Lakini pampu, matrekta, kinu, gunia na jina la kwenye pakiti vina mwenyewe, na faida inafuata huko. Kijijini hubaki ujira wa siku. Mama wa Kanagoni huenda dukani kununua pakiti ya chumvi iliyokwanguliwa karibu na jikoni mwake, na hapunguziwi hata senti.

Maji nayo ni vivyo hivyo. Visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, vinasukuma maji kwenye mabomba hadi Malindi, Kilifi na Mombasa. Huku kwetu kuna watu wanaogombea silanga moja, yaani bwawa la maji ya mvua, na ng'ombe.

Husemwa kwamba maendeleo yamechelewa kutufikia. Mimi siamini. Tuliunganishwa na soko zamani, ila tuliunganishwa kwa upande wa kutoa: korosho ghafi, kamba wa baharini, boriti za mikoko, chumvi, na vijana wa kwenda kuosha vyombo mahotelini Watamu. Mtu anayetoa bila cheti cha anachotoa hana cha kushikilia wakati wa kupatana bei. Ndiyo maana karibu kila swali hapa chini, hata la kisima au la mguu uliokatika, litaturudisha kwenye karatasi.

Babu yangu kazaliwa hapa na kazikwa hapa. Vipi mimi naitwa skwota?

Mzee mmoja aliniuliza hili akiwa amesimama, akakataa kuketi hadi nimjibu. Basi nami nitalijibu kwa urefu.

Mwaka 1908 serikali ya Mwingereza ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa pwani uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Kila mwenye madai ya ardhi alitakiwa ajitokeze, ayathibitishe, apewe hati. Waliojua kusoma tangazo na waliokuwa na mtu ofisini walijitokeza. Wagiriama na Mijikenda wengi hawakufikiwa, au hawakuhesabiwa kuwa na haki yoyote ya kudai. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai kwa karatasi ikawa ya Taji la Uingereza. Nyumba zilikuwapo, makaburi yalikuwapo, minazi ilikuwapo. Mwenyewe ndiye aliyeandikwa kwamba hayupo.

Kisha ikaja 1914. Mwingereza alitaka vibarua wa mashamba ya pwani, na Mgiriama aliyekuwa akivuna mahindi yake kaskazini ya Sabaki hakuwa na haja ya kibarua cha mtu. Mekatilili wa Menza alikuwa ameshapita kaya kwa kaya mwaka 1913 akiwalisha watu kiapo cha kukataa, akakamatwa na kupelekwa mbali hadi Kisii. Mwaka uliofuata serikali iliamuru watu wahame kaskazini ya mto. Vita vikazuka, nyumba zikachomwa, watu wakatozwa faini. Miaka michache baadaye walianza kurudi. Walirudi kwenye mashamba yao, ila kwenye vitabu vya serikali walikuwa wageni.

Uhuru ulipofika 1963, ardhi ya Taji iligeuka ardhi ya serikali. Kiti kilikuwa kile kile, aliyekalia ndiye aliyebadilika. Serikali ilipoanza kukodisha ukanda huu kwa watengenezaji wa chumvi, ramani ilionyesha ardhi tupu. Kwa hiyo neno skwota halimaanishi kwamba ulivamia. Maana yake ni kwamba karatasi ya mwenzako ina muhuri na ya babu yako haikuandikwa.

Nimekaa zaidi ya miaka 12. Si sheria inanipa ardhi?

Inategemea ardhi ni ya nani. Sheria ya Kenya inamruhusu aliyekaa miaka 12 mfululizo, waziwazi, bila idhini ya mwenyewe na bila kufukuzwa, aiombe mahakama imwandikishe yeye. Lakini hiyo ni kwa ardhi ya mtu binafsi au kampuni. Kwa ardhi ya umma haifanyi kazi, hata ukae miaka 80. Na mashamba mengi ya chumvi ni ardhi iliyokodishwa na serikali. Kabla hujamlipa mtu pesa za kufungua kesi, fanya upekuzi kwenye ofisi ya usajili wa ardhi ujue imeandikwa jina la nani na kwa muda gani. Nimeona familia ikiuza mbuzi wanane kwa kesi ambayo upekuzi wa asubuhi moja ungewaonyesha haina miguu.

Hao wenye kampuni ni wageni wa wapi?

Wengine ni Wakenya kama wewe, wa Mombasa au Nairobi. Wengine wana mtaji wa nje. Kijijini wote huitwa "wageni", na mimi sibishani, kwa sababu mgeni hapa ni yule ambaye kisima kikiharibika yeye hanywi. Kisheria kuna tofauti moja ya maana: tangu Katiba ya 2010 asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya isipokuwa kwa kukodi, na muda wake hauzidi miaka 99. Kampuni huhesabiwa raia ikiwa tu hisa zake zote ni za raia. Mkodi ana tarehe ya kumaliza. Iulizeni, na muiandike mahali.

Lakini kiwanda si kimeleta kazi? Mbona mnalalamika tu?

Kimeleta. Mimi mwenyewe nimesomeshwa kwa chumvi. Baba alikuwa akipakia kwenye kampuni moja ambayo sitaitaja, akiamka saa tisa usiku ili awahi kazi kabla jua halijawaka, maana chumvi inarudisha mwanga machoni kama kioo. Miguu yake ilipasuka nyufa ambazo hazikupona, kwa sababu kidonda na chumvi havikai pamoja. Alifanya hivyo miaka mingi, na siku anaacha alikuwa angali kibarua wa siku, sawa na siku aliyoanza.

Hapo ndipo ninapogombana na hesabu ya "ajira". Ukiulizwa kiwanda kimeajiri wangapi, uliza pia kimeajiri vipi. Kibarua hana likizo, hana siku ya ugonjwa. Mvua ikinyesha hakuna kazi, maana mvua inayeyusha chumvi. Na mvua hiyo hiyo ndiyo ya kulima, na yeye shamba hana tena. Zamani jua likikausha mahindi familia ilikwenda baharini. Bahari ikichafuka na kusi ikakoleza, ilirudi shambani, au ikakata boriti, au ikagema mnazi. Umaskini ulikuwapo, sikatai, lakini ulikuwa na milango mingi. Siku hizi familia ina mlango mmoja, na mlango huo una mlinzi mwenye orodha ya majina.

Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja, au akapewa kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kuisha ndani ya miezi mitatu, ahesabiwe mfanyakazi wa mwezi, na haki zake zote. Kwa hiyo baadhi ya wanyapara hukupumzisha siku chache kila unapokaribia mwezi, kisha hukuita tena. Andika siku zako. Daftari la shule la bei rahisi, tarehe, kazi, mnyapara gani, ulilipwa ngapi. Lililonishinda kwa baba ni hilo: hakuwa na hata ukurasa mmoja.

Nimeumia kazini na mnyapara anasema nilikuwa mzembe.

Mwambie mwajiri siku hiyo hiyo, mbele ya shahidi au kwa maandishi. Nenda hospitali utunze kila kipande cha karatasi. Chini ya sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007, mwajiri ana siku 7 za kumjulisha mkurugenzi wa usalama na afya kazini, na mtu akifa ni saa 24. Dai la fidia liwasilishwe kabla miezi 12 haijaisha. Kuwa kibarua hakukuondolei haki hiyo. Na uzembe si mnyapara anayeuamua.

Kisima chetu kimeingia chumvi. Ni wao?

Huenda, na huenda si wao peke yao. Jaruba la chumvi ni maji mazito yaliyokaa juu ya ardhi mwezi baada ya mwezi. Kama chini ni mchanga badala ya udongo wa mfinyanzi, yanapenya na kufika kwenye maji matamu. Lakini pwani maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari hata pasipo na kiwanda: ukichimba kirefu mno, ukivuta kwa pampu kupita kiasi, au mvua ikikosa misimu miwili, bahari inapanda kisimani. Atakayewasimamia mahakamani ataulizwa hili hili, na mkijibu kwa hasira tu mtashindwa.

Kinachosaidia ni kumbukumbu. Kisima gani, kilichimbwa lini, kilibadilika ladha lini, kiko hatua ngapi kutoka bwawa la karibu, na visima vilivyo mbali vikoje. Minazi iliyokauka vilele, hesabuni na mpige picha zenye tarehe. Pelekeni maji yapimwe, tena pelekeni ya visima kadhaa. Kisha malalamiko kwa maandishi kwa NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba ameumia yeye binafsi.

Haya si malalamiko mapya. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilifanya uchunguzi wa hadhara Magarini mwaka 2005 kuhusu uzalishaji wa chumvi, ikatoa ripoti 2006. Ardhi, maji, mikoko na hali ya vibarua, yote yalisemwa humo na wazazi wetu. Mwenye nakala asiichezee.

Mikoko ikikatwa yatuhusu nini sisi tusiovua?

Muulize mama karanga, yule anayenunua samaki, akawakaanga na kuwauza. Samaki wake mdogo, kamba wake na kaa wake wote hulelewa kwenye mizizi ya mkoko na mchu. Mikoko ikiondoka, wavuvi wanasogea mbali, wanaohitaji boti kubwa wanakopa kwa tajiri, tajiri anachukua samaki kwa bei yake, na mama karanga anafika bandarini akute hakuna cha kununua. Hapo mtoto hupelekwa kwa shangazi mjini "kusoma", na sote tunajua mara nyingi anaishia kulea watoto wa watu.

Kwenye ghuba ya Ungwana kuna pia meli za kuvua kamba kwa nyavu za kukokota. Serikali ilizisimamisha 2006, kisha mpango wa usimamizi wa 2010 ukazirudisha kwa masharti ya umbali na ya msimu. Meli ikikatiza jarife zenu usiku, andikeni namba yake, saa na mahali, mpeleke kwa BMU, kamati ya wavuvi ya kusimamia ufuo, asubuhi hiyo. Bila namba ya meli, polisi atasikiliza kama anayesikiliza hadithi.

Si kulikuwa na misaada ya wazungu hapa? Ilikwenda wapi?

Ilikuwapo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa takriban miaka kumi, serikali ya Australia ilifadhili mpango mkubwa wa makazi hapa Magarini. Mashine zilifyeka msitu, viwanja vikapimwa, wakulima wakaonyeshwa namna ya kulima. Wagiriama walikuwa na sababu ya kuhamahama na mashamba: udongo huu unachoka upesi, mvua ni ya kubahatisha, na maji ya kuchimba mengi ni ya chumvi. Waliopanga hawakuiona sababu hiyo hadi fedha nyingi zilipokwisha. Siwalaumu kwa nia. Nawalaumu kwa kutomuuliza bibi yangu.

Na Ngomeni? Waitaliano walianza kurusha setilaiti kutoka majukwaa ya San Marco, baharini pale, mwaka 1967. Tarehe 12 Desemba 1970 walirusha setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ikaitwa Uhuru kwa heshima ya sikukuu yetu. Mrusho wa mwisho ulikuwa 1988, ingawa kituo kipo. Mimi huwa najivunia jambo hilo, kweli. Kisha huwaangalia akina mama wa Ngomeni na mitungi yao ya maji, nikanyamaza.

Wametuita barazani, kuna mwekezaji. Niende? Nitie sahihi?

Nenda. Asiyekwenda huandikwa kwamba hakuwa na neno. Lakini soma unachotia sahihi: orodha ya waliohudhuria mara nyingine hugeuka orodha ya waliokubali. Juu ya karatasi andika mwenyewe "nimehudhuria tu". Piga picha. Ombeni ripoti ya tathmini ya athari za mazingira, na muhtasari kwa lugha mnayoielewa. Soda na fulana pokeeni tu, hazifungi mtu.

Watu hudhani baraza ni mchezo. Wenzetu wa Lamu waliambiwa kwamba mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi umeshapita. Walikwenda kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 jopo likafuta leseni. Sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Rufaa ya namna hiyo ina siku 60 tangu uamuzi unaoupinga, basi msikae mkingoja mkutano wa pili. Na karibu zaidi, kampuni ya nje iliwahi kutaka hekta 50,000 za msitu wa Dakatcha ipande mbono wa kutoa mafuta ya magari ya Ulaya. Watu wa huko walisema hapana, watunza ndege na misitu wakasema hapana, na mashamba hayo hayakupandwa.

Kama ardhi ni ya jamii, chini ya sheria ya 2016, makubaliano na mwekezaji yanahitaji thuluthi mbili ya wanajamii kwenye mkutano halali. Mwenyekiti mmoja na wajomba zake hawatoshi. Lakini kwanza jamii iwe imesajiliwa. Isiposajiliwa, ardhi inashikiliwa na kaunti kwa niaba yenu, hata fidia pia.

Tukikubali fidia, ni ngapi?

Siwezi kutaja kiasi. Naweza kutaja kosa: kuhesabu udongo peke yake. Mnazi, mwembe, mkorosho, kisima, kaburi, choo, njia ya kushukia pwani, mahali pa kuanika dagaa, vyote ni vya kuhesabiwa. Wavuvi wa Lamu walioathiriwa na ujenzi wa bandari mpya hawakuwa wakidai ardhi, walidai bahari yao ya kuvulia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua walipwe takriban shilingi bilioni 1.76, zaidi ya wavuvi 4,000. Hukumu haikuwa hundi, rufaa na mazungumzo vikafuata, lakini tangu hapo hakuna wa kuniambia kwamba mvuvi hana cha kulipwa kwa sababu hana shamba.

Na pesa zikija, ziingie akaunti yenye majina mawili. Nimeona fidia ikinunua pikipiki tatu na mke wa pili kabla ya mwezi mtukufu kuisha.

Broka anataka kununua shamba letu upesi, anasema bei inashuka kesho.

Bei ya ardhi ya pwani haijawahi kushuka kesho. Kama ni shamba la kilimo, uuzaji unahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na mke au mume lazima aridhie. Anayekuharakisha anazikimbia hizo mbili.

Nikija kwako, nije na nini?

Kitambulisho, na chochote chenye tarehe. Risiti ya zamani ya kodi ya kichwa ya babu, kadi ya kliniki yenye jina la kijiji, barua ya chifu, picha ya harusi ambayo nyuma yake mwembe unaonekana mdogo, cheti cha ubatizo au cha madrasa, stakabadhi ya korosho kutoka chama cha ushirika. Hesabu ya makaburi, na majina ya waliomo. Daftari la siku za kibarua.

Na wewe mama wa Kurawa uliyerudi nyumbani wiki iliyopita kwa sababu karatasi yako imeliwa na mchwa: ilete. Usiikunje tena, iweke katikati ya gazeti. Nimeiona, nusu yake inasomeka, na muhuri uko kwenye hiyo nusu.